Pochi ya Kichwani

Pochi ilikuwa tupu, na hakuna aliyeivunja.

Fundi wa lifti aliiweka simu yake juu ya meza ya Inspekta, akaisukuma mbele kwa kidole kimoja. Kwenye kioo palikuwa na sifuri. Nje kulikuwa na mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu, na ofisi nzima ya upelelezi ilijaa mwanga wa kijivu uliofanya hata majalada ya kesi yaonekane yamesinzia.

Inspekta alikuwa amefumba macho. Kituoni walimwita Mama Usingizi, tena kwa sauti ya chini, maana waliowahi kudhani amelala kweli ni wengi na baadhi yao bado wako gerezani. Ndivyo alivyosikiliza mambo. Macho, alipenda kusema, yana kiherehere, hayasubiri masikio yamalize kazi.

"Sarafu za mtandaoni?" aliuliza.

"Ndiyo, afande. Fedha ya kiwanja. Tulikiuza, tukaiweka humo mpaka tupate nyumba."

"Kiwanja chako?"

"Cha marehemu mama mkwe. Mke wangu ndiye aliyekirithi."

"Zimehamishwa lini?"

"Jumamosi jioni. Siku niliyotoka hospitali."

"Nani mwingine ana maneno?"

"Hakuna."

Inspekta aliijua habari ya maneno. Pochi za namna hii hazina ufunguo wa chuma. Siku ya kuifungua, yenyewe inakupa maneno kumi na mawili ya kawaida kabisa, maneno ya jikoni na barabarani, na mwenye kuyajua kwa mpangilio wake ndiye mwenye mali. Awe mwenyewe, awe mwizi, pochi haiulizi.

"Uliyaandika wapi?"

"Sikuyaandika, afande."

Hapo ndipo fundi alipofunguka, na kwa mtu asiye na maneno mengi alifunguka kweli. Alikuwa ameitafuta pochi jinsi mama anavyomtafutia mchumba mwanawe wa pekee, kila aliyeletwa akawa na kasoro.

"Kuziacha kule kwenye soko la mtandaoni nilikozinunulia, wale wakifilisika na mimi nimekwisha. Nikasema simu. Simu inaibwa. Mdogo wangu anauza simu, akaniletea kidude kama flashi, hakigusi mtandao kabisa, kizuri. Lakini maneno yake uyaandike kwenye karatasi. Karatasi inaungua. Akasema, kaka, basi yachonge kwenye bati. Bati nalo si litaonekana?"

"Ukaamuaje?"

Fundi aligusa paji la uso. "Nikayaweka hapa. Nayarudia kila nikienda kulala, kimoyomoyo, mpaka usingizi unichukue. Hapa hapana mlango."

"Na mkeo?"

"Hajui kama zimeibwa. Naomba asijue, afande." Alitazama mikono yake. "Fedha nikizikosa nitaumia, nitafanya kazi tena. Yeye nikimkosa..."

Inspekta alifumbua macho na kumwona vizuri kwa mara ya kwanza. Mtu mzima, mabega mapana, mkono wa kulia umekumbatia ubavu karibu na mkanda. Alimwonea huruma, na hakupenda kuwaonea huruma walalamikaji, kwa sababu huruma humchelewesha mpelelezi.

"Hospitali ulifuata nini?"

"Kidole tumbo. Kilinishika ghafla nikiwa juu ya lifti. Nikapasuliwa siku hiyohiyo."

"Kwa dawa ya usingizi?"

"Ndiyo."

"Ulipozinduka ulisema nini?"

Rangi ilimtoka fundi taratibu.

"Sikumbuki," alisema.

Kabla ya mchana, mtaalamu wa kitengo cha makosa ya mtandao alimaliza uchunguzi wake. Hakukuwa na udukuzi wowote. Mtu alipakua pochi kwenye simu nyingine, akaingiza maneno yote kumi na mawili, akahamisha kila kitu kwenda kwenye pochi mpya.

"Halafu?" aliuliza Inspekta.

"Halafu hakuna. Zimekaa hapohapo, hajagusa hata moja."

"Mwizi gani huyo?"

"Ndiyo namshangaa. Ameiba, sasa anaziatamia."

Hospitalini, chumba cha kuzindukia kilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyong'arishwa mpaka mtu akajiona anatembea juu ya maji. Mapazia meupe yalipanda na kushuka bila haraka. Wagonjwa wawili walikuwa wamelala, midomo wazi, na mashine ilikuwa ikilia kwa mbali, tii, tii. Inspekta alisimama pale akasahau kidogo alichofuata. Alitamani kitanda kimoja kiwe chake.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Wakizinduka wote wanaongea," alisema. "Mmoja alinichumbia. Mwingine alinidai nauli. Huyu wako alikuwa anataja vitu."

"Vitu gani?"

"Sijui hata. Kimoja, kimoja, polepole, kama mtoto anayesoma ubao. Akimaliza anaanza upya. Mara tatu hivi."

"Unavikumbuka?"

"Nakumbuka chura. Kwa sababu nilicheka."

"Nani walikuwepo?"

"Mkewe, kamwinamia, sikio hapa mdomoni. Analia. Na mdogo wa mgonjwa, kaja na chaja."

Mdogo wa fundi alikuwa na kibanda cha simu, taa za rangi zinawaka na kuzima kuzunguka kioo. Alipoona kitambulisho cha polisi alikaa mwenyewe kwenye stuli, bila kuambiwa.

"Ni zile sarafu za kaka?" aliuliza.

"Umejuaje?"

"Pale hospitali nilimsikia, afande. Neno la pili tu nikajua anachokisema. Nikatoka nje mbio."

"Mbio kwa nini?"

"Siku sarafu zikipotea, wa kwanza kukamatwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Si unaona!"

Inspekta alifumba macho. Kijana alikuwa na hofu, lakini ilikuwa hofu iliyonyooka, haina kona.

"Nirudishie haya," alisema. "Kijiko, wingu, daraja, pilipili, kamba, taa, mbuzi."

"Kijiko. Wingu. Mbuzi..." Alikuna kichwa. "Hebu anza tena. Afande, mimi hata namba yangu ya simu nimeibandika ukutani."

Ilikuwa kweli, ilibandikwa pale. Mwizi alihitaji maneno kumi na mawili, kwa mpangilio, kutoka mdomo wa mtu aliyelewa dawa. Muuguzi aliambulia chura. Kijana asingeambulia hata huyo chura. Inspekta alitoka kibandani akitembea polepole kwenye rasharasha, na miguu ikampeleka stesheni, kwa kuwa fundi alikuwa amejaza kwenye maelezo yake kwamba mkewe ni mtangazaji wa treni.

Alikaa kwenye benchi katikati ya abiria na mizigo yao. Sauti ilishuka kutoka darini, sauti ya mwanamke, tulivu, yenye uvuguvugu wa chumba ambamo mtu ametoka kuamka. Ilitaja vituo vya treni ya mchana, kimoja baada ya kingine hadi mwisho wa reli. Kisha ikavitaja vyote kinyumenyume kwa treni inayorudi, bila kukwama, bila kupumua kwa haraka. Inspekta alifumba macho akajikuta amepanda treni hiyo. Akapita miji asiyowahi kufika, akaona madirisha yenye taa na watu wanaopunga mikono. Kwa muda hakuwa polisi wa mtu yeyote.

Alipofumbua macho alitazama juu, kwenye chumba cha vioo kilichokuwa juu ya majukwaa. Mwanamke alikuwa amekaa mbele ya maikrofoni. Ratiba ilikuwa pembeni yake, imefungwa, juu yake pamewekwa kikombe. Alikuwa akitangaza kutoka kichwani.

Inspekta alipanda ngazi na moyo mzito. Kwa kawaida alipofikia hapa kwenye kesi alifurahi, na leo hakufurahi hata kidogo.

Kuta za chumba kile zilivishwa sponji. Mlango ulipofungwa, stesheni nzima ilinyamaza ghafla. Chini yao watu waliendelea kutembea, kukumbatiana, kuburuta masanduku, bila sauti.

"Mimi ni Inspekta wa upelelezi," alisema. "Mume wako ana tatizo."

Mwanamke alivua vipokea sauti masikioni, akaviweka mezani kwa uangalifu.

"Amekuambia wewe?" aliuliza.

Inspekta alivuta kiti akakaa. "Hujauliza tatizo gani."

Chini, treni iliingia kimyakimya. Mwanamke aliitazama mpaka ikasimama.

"Lazima nikuonye," alisema Inspekta. "Una haki ya kunyamaza."

"Kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa, dada."

"Basi niambie."

"Ni mimi. Nilizihamisha kwa simu yangu, amekaa sebuleni anakunywa uji."

"Kwa nini?"

Sauti iliyotaja miji yote ile sasa ilitafuta pa kuanzia.

"Siku anapasuliwa, nilikimbia pembeni ya kile kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Nikamuuliza, mume wangu, ukifa, je? Akasema, sitakufa. Nikamwambia, nipe yale maneno, ni kiwanja cha mama yangu. Akageuza uso akatazama ukuta."

"Alikuwa anaogopa."

"Na mimi je? Nilikaa nje ya mlango ule, naomba apone, na hapohapo nawaza kwamba akifa atamzika na mama yangu mara ya pili. Unajua kuwaza hivyo juu ya mume unayempenda? Nilijichukia."

Alifuta macho kwa kiganja.

"Alipozinduka akayasema. Yote, taratibu, amenishika mkono. Nilidhani ananiambia mimi, dada! Nilidhani amebadili mawazo. Nikamwinamia nikamwambia, nimesikia, mume wangu, pumzika. Nililia kwa furaha."

"Halafu?"

"Kesho yake nikamuuliza, unakumbuka ulichoniambia? Akanikazia macho. Akasema, sijakuambia kitu. Vile alivyosema, ungedhani nimekutwa na mkono mfukoni mwake."

Inspekta alifumba macho, akasikiliza.

"Siku tuliyorudi nyumbani nikazihamisha. Sikutaka hela. Nilitaka azikose, halafu aje kwangu aniambie, mke wangu, tumepoteza. Ningemwonyesha palepale. Leo asubuhi nilimwona anaifungua simu, akaiona sifuri. Nikakaa pembeni yake nikasubiri. Akasema uji una sukari nyingi." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kisha akavaa viatu, akaja kwako."

"Alikuja akaniomba usijue. Anaogopa utamwacha."

"Kwa sababu ya hela?"

"Kwa sababu ya kiwanja cha mama yako."

Mwanamke aliinamisha kichwa juu ya meza, na kwa mara ya kwanza akalia kwa sauti. Hakuna hata mmoja kule chini aliyemsikia.

Fundi aliitwa. Alipanda ngazi akiwa ameshika ubavu, akamwona mkewe, akamwona Inspekta, akabaki mlangoni.

"Ni mimi," alisema mkewe.

Fundi alimtazama mkewe. Uso ulianza kukasirika, ukaishia njiani.

"Si ungeniambia," alisema.

"Wewe si ungeniambia."

"Nilizificha zisiibwe."

"Na nani? Nyumba ile tupo wawili."

Fundi alikaa kwa shida kwenye kiti kilichobaki, na Inspekta akafungua jalada kwenye magoti yake, kwa sababu sheria ni sheria.

"Mtuhumiwa amekiri," alisema. "Mali iko salama, haijaguswa. Mlalamikaji ni wewe. Unataka twende mahakamani, au unaondoa malalamiko?"

Fundi hakumwangalia. Alikuwa akimwangalia mkewe.

"Maneno mapya umeyaweka wapi?" alimuuliza.

Mkewe aligusa paji la uso. "Nimeiga kwako."

"Umeyaandika popote?"

"Hapana."

"Ukifa, je?"

Wote wawili walikaa na swali hilo, na Inspekta aliona fundi alivyofumba macho, akayabana kama anayemezea dawa chungu.

"Afande," alisema hatimaye, "naondoa malalamiko. Na nakuomba utoke nje kidogo."

Inspekta alitoka akafunga mlango. Kupitia kioo alimwona mwanamke akisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. Aliona midomo yake ikitamka neno moja, polepole, na midomo ya mume ikalirudia. Neno la pili. La tatu likamshinda, mke akamshika mkono, wakaanza upya.

Mpelelezi wa miaka mingi huzoea kusoma hata midomo. Inspekta aligeuza mgongo akatazama majukwaa.

Mzee mmoja mwenye begi alikuwa amepanda ngazi, amechoka kusubiri.

"Dada, huyu mtangazaji vipi? Mbona kimya?"

"Anatangaza," alisema Inspekta. "Ila hili si letu."