Dakika ya Thelathini na Moja

Kitufe hakikuruka.

Mtu mwingine asingeligundua hilo. Lakini yeye alilelewa nyuma ya kibanda cha kurekodi kaseti, na kabla hajajua kuhesabu mpaka mia alikuwa anajua kwamba kaseti ya dakika sitini ina nusu saa kila upande, basi, na kwamba mkanda ukifika mwisho kitufe cha radio huruka juu chenyewe, tak. Alikuwa jikoni anasugua sufuria. Baba yake alikuwa sebuleni na radio yake kubwa yenye milango miwili ya kaseti, ile aliyoishusha kutoka juu ya kabati miezi kumi na mmoja baada ya kumzika mkewe. Wimbo wa mwisho wa upande ule binti aliujua kama jina lake: unakatika katikati ya kinanda, kwa sababu mkanda haukutosha. Ukakatika. Akaisubiri ile tak. Badala yake akasikia mkanda unaendelea kuzunguka, shhh, kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze.

Kisha mwanamke akasema, kwa sauti laini mno, "Mume wangu, maji ya kuoga yapo tayari."

Sauti ilikuwa ya mama yake. Maneno hayakuwa yake.

Nyumbani walimwita Wakili, ingawa chuoni alikuwa anasomea takwimu. Jina alilipata darasa la tatu kwa ubishi wake, na chuoni lilimfuata mpaka kwenye chama cha mdahalo, ambako wenzake walisema afadhali upangiwe kubishana na ukuta. Ubishi huo ulikuwa wa mama. Mama yule hakuwahi kumwita mumewe "mume wangu" hata siku moja. Alimwita Bwana Stirio kama mtaa mzima, na maji ya kuoga alimwambia kachote mwenyewe, ndoo unaijua.

Alipoingia sebuleni akifuta mikono, baba alikuwa anatabasamu, macho amefumba. Chumba kilinuka poda, ile ya kopo la duara lenye kisponji chake ndani, ambayo haijauzwa dukani tangu yeye hajazaliwa.

"Umesikia?" baba akanong'ona. "Saa kumi kamili. Saa ya kipindi cha salamu."

Akamwuliza nani alirekodi maneno yale na lini. Baba aliinamia spika. Alikuwa anasubiri salamu nyingine.

Wakili alikuwa amerudi likizo ya wiki tatu akiwa na mpango wa kumtoa mzee huzuni: kumpeleka kutembea, kumpikia, kumnunulia spika ndogo ya simu yenye nyimbo zake zote. Spika ile baba aliitazama kama mtu aliyeletewa jino la bandia la mwenzake. Zamani, bwana, akasema, wimbo ulikuwa unausubiri wiki nzima redioni na kidole kipo juu ya kitufe, na mtangazaji akiongea juu ya kinanda unalia. Zamani sabuni ilikuwa na povu. Zamani dawa ya meno ilikuwa kwenye tyubu ya bati, unaikunja kutoka chini kwa nidhamu. Wakili akamwuliza zamani ya nani, maana nguo zile zenye povu alizifua mama. Akaambiwa, kama kawaida, haya Wakili, umeshinda kesi, kalale.

Siku ya tatu tyubu ya bati ilikuwa bafuni, imekunjwa kutoka chini, nusu imetumika. Siku ya tano kukawa na kopo la ile poda juu ya meza ya kioo. Siku ya sita baba alitoka chumbani amevaa suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vya soli nene, akaomba asifiwe. Suruali ya miaka arobaini iliyopita ilikuwa imemkaa sawasawa. Wakili alikaribia kucheka, kisha akaelewa kwa nini imemkaa. Mzee alikuwa ameacha kula. Sauti ilikuwa inamwambia kila alasiri kwamba imempikia, naye akawa anashiba.

Zahanati walimpima kila kinachopimika wasione kitu. Shangazi, dada wa baba, alimwambia kwa simu amwache kaka yake aongee na mkewe, wangapi walio hai hawaongei na wake zao. Wakili akaichomoa radio ukutani, waya akaufungia begini kwake. Saa kumi ilipofika aliisikia akiwa uani, ikapita wimbo uliokatika, ikapita shhh, na sauti ikamshukuru mumewe kwa kitenge alichomnunulia, kitenge ambacho hakuwahi kumnunulia. Akarudi ndani mbio, akafungua mfuniko wa nyuma. Mahali pa betri palikuwa na kutu na buibui mkavu.

"Baba, hii haina umeme."

"Zamani vitu vilikuwa imara," baba akasema.

Usiku huo alimpima kwa mikono alipokuwa anamwinua kitini. Alikuwa mwepesi kama kikapu.

Mwanamke aliyekubali kuja aliitwa Mama Cherehani, maana kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na majini aliyatoa mchana tu kwa sababu ya macho yake mabovu. Alikuja na tepu ya kupimia shingoni. Alimpima mzee kifua, kiuno, mkono, kama anayechukua vipimo vya koti, akainusa poda, akaitazama radio bila kuigusa, kisha akamvuta Wakili jikoni na kufunga mlango.

Akamwambia yule ni jini anayevaa watu. Anavaa marehemu kama mtu avaavyo nguo ya kuazima, ila kwanza anaipunguza: anatoa penye kona, anaacha palipo laini, ndiyo maana wenye nyumba humpenda kuliko walivyompenda mwenye nguo. Atamlisha mzee maneno mpaka mzee aishe. Kuvunja radio hakusaidii, atahamia ukutani. Linalomtoa ni moja.

"Nguo haiwezi kuvaliwa na wawili," akasema. "Mama yako mwenyewe akisikika humu ndani, kwa sauti yake, na maneno yake, na makali yake, huyu anavuka kizingiti. Yapo?"

Wakili akasema yapo. Kwenye kaseti moja tu.

"Basi imalizike kabla ya saa kumi. Na mzee asikilize mpaka mwisho kwa hiari yake. Usimshike mkono, usimfungie. Ukimlazimisha umefanya kazi ya bure." Akafungua mlango. "Unajua kumshawishi mtu?"

"Ndiyo kitu pekee ninachojua," Wakili akasema.

Kaseti ilikuwa kwenye kopo la biskuti, chini ya nyuzi na vifungo. Mtaani kila mtu aliijua hadithi yake. Kwenye biashara ya baba, kaseti iliyokamilika ilivunjwa vijino viwili vya plastiki mgongoni, na tangu hapo radio inakataa kurekodi juu yake. Lakini ukiziba vile vishimo kwa karatasi, radio inadanganyika. Mama, aliyechoka kuongea na mgongo wa mtu aliyevaa vipokea sauti, siku moja alitafuna karatasi, akaziba vishimo vya kaseti bora kuliko zote kibandani, akakaa nayo nusu saa akirekodi maneno yake juu ya nyimbo. Baba aliposikia alinuna mwezi mzima, kwa ajili ya nyimbo. Mama akaihifadhi koponi, akasema kuna siku utaitafuta.

Saa tisa na dakika ishirini na tano Wakili aliukaza mkanda uliolegea kwa kalamu ya biki, akaiingiza kaseti mlango wa pili. Mlango wa kwanza ulikuwa na ile ya baba, haikukubali kutoka. Akauchomeka waya, akapiga magoti mbele ya kiti, akamwomba baba asikilize upande mmoja tu kwa ajili yake, na kama baada ya hapo atataka kubaki na salamu zake, hatasema neno. Baba akatikisa kichwa kukubali. Wakili akabonyeza.

"Haya, Bwana Stirio," mama akasema, na chumba kikawa na mtu. "Kwa kuwa husikii kitu mpaka kitoke kwenye spika, na mimi leo nimeingia kwenye spika."

Harufu ya poda ikakatika kama taa. Mikono ya baba ikaanza kutetemeka. Mama alikohoa, akaendelea, haraka, mwenye mafua na hasira. Akasema wateja wanaambiwa sabuni ina povu, je, yeye aliifulia lini, aje aione mikono hii. Akasema siku ya uchungu wa mtoto alikwenda kwa miguu kwa sababu mtu fulani alikuwa anasubiri wimbo redioni na kidole kipo juu ya kitufe. Akacheka kwa pua, akasema na bado nipo, mjinga mimi, kwa sababu ukinyamazisha hayo madude na kuniangalia, wewe ni mtu mzuri sana, lakini unaniangalia mara ngapi?

Baba alikuwa analia. Wakili naye alikuwa analia, akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani, kumi na nane, kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliona rangi kwenye midomo ya baba yake, akafikiri, tunashinda.

"Si yeye," baba akasema. "Mke wangu hakuwa hivi."

"Ndiye, baba. Alikuwa hivi, na alikupenda hivihivi."

"Mke wangu hakuwahi kunisema."

Hapo ndipo alipokosea. Alibisha. Alisema kila alichokuwa nacho: kwamba mtu asiyewahi kukusema hakuwahi kuishi nawe, kwamba zamani anayoililia ilibebwa na mgongo wa mwanamke mmoja ambaye sasa baba anataka kumfuta kwa sababu ana kona, kwamba huyo mwingine hana hata pumzi, msikilize vizuri, havuti pumzi, na alikuwa anaongea vizuri kuliko alivyowahi kuongea kwenye jukwaa lolote, hoja juu ya hoja, macho yake yakiwa kwenye uso wa baba, akiutafuta ulegee, hivyo hakuitazama mikono, mikono iliyorekodi maelfu ya kaseti na isiyohitaji macho, ambayo ilikuwa imeacha kutetemeka na kwenda yenyewe, vidole viwili, kitufe chekundu cha kurekodi na jirani yake, kutoka mlango wa kwanza kwenda wa pili, mwendo wa haraka.

Radio ingepaswa kukataa. Vijino vilivunjwa zamani. Lakini karatasi ya mama ilikuwa bado vishimoni, kavu, ngumu kama mfupa, na yeye, mtoto wa fundi wa kaseti, hakukumbuka kuibandua.

Sauti ya mama ikamezwa katikati ya neno. Kukawa na mlio kama wa ndege wengi waliofungiwa chumbani, kaseti moja ikiandika juu ya nyingine kwa kasi, na alipoirukia radio na kuvuta waya mlio haukukoma, na alipoupiga mlango wa kaseti kwa ngumi ukakataa kufunguka, na baba alikuwa ametulia kitini, mikono mapajani, kama mtu aliyemaliza kazi ya mteja.

Ilikuwa saa kumi.

"Mume wangu," sauti ikasema, ikitoka sasa kwenye milango yote miwili, na poda ikajaa chumba mpaka machozi yakawa mazito, "leo nimekuja na mtoto. Msalimie baba yako."

"Shikamoo baba," kaseti ikasema. "Abee baba. Ndiyo baba. Kama usemavyo, baba."

Ilikuwa sauti yake Wakili. Kila herufi. Ila ilikuwa imepunguzwa, imetolewa kona zote, na haikuvuta pumzi.

Baba akageuza uso kuelekea spika, akatabasamu. "Mmemsikia?" akasema kwa fahari, bila kumtazama aliyepiga magoti mbele yake. "Wakili wangu amekua. Habishi tena."

Wakili akamshika baba magoti, akamtikisa, akafungua kinywa ili aseme mimi nipo hapa, baba, niangalie, nabisha, nabisha hata sasa. Kikatoka kinywani mwake kitu kimoja tu, kirefu, kisicho na mwisho wala kitufe cha kuruka.

Shhh.