Jumamosi ya Namba Ishirini na Saba

Kila Ijumaa baada ya masomo, Gatwiri hukimbia hadi chumba cha kompyuta kabla wavulana hawajateka viti vyenye migongo. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya mahindi, na hadi leo ukiwasha kompyuta ya pembeni, fukusi mmoja hutoka kuja kuona nani amebisha.

Ijumaa ndiyo siku ya kura ya maji. Hapa Mitunguu kila shamba lina namba yake, na siku yake ya kupata maji ya mfereji. Jumamosi peke yake haina mwenyewe, kwa sababu familia nyingi za upande wa juu ni Wasabato, na siku hiyo hawagusi koki. Basi maji hayo hupigiwa kura, na mshindi hunywesha migomba yake mara ya pili. Zamani kura ilipigwa kwa vizibo vya soda ndani ya kofia. Watu waligombana mpaka wakaanza kugombania hata kofia yenyewe. Ndipo chama cha kompyuta, kikiongozwa na Mwalimu Gichovi, kikaandika programu ya kuchagua mshindi na kumtumia kila mkulima ujumbe wa simu.

Ilikuwa programu huria. Yaani, maandishi yake yote yaliwekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote aliweza kuyasoma, kuyachukua akayatumie kwao, au kupendekeza mabadiliko. Lakini pendekezo halikuingia mpaka msimamizi alisome na kulikubali. Msimamizi alikuwa Gatwiri, na aliringia kazi hiyo kama bawabu wa benki.

Siku moja rafiki yake Ednah alileta pendekezo. Wawili hawa walikuwa wamekula githeri kwenye sahani moja tangu darasa la kwanza. Ednah alitaka ujumbe utoke kwa Kimeru.

"Ili nyanya yako aache kuniuliza simu imesema nini," alisema.

"Mbona ni refu hivi?" Gatwiri alishangaa.

"Akili unde, ile AI ya simu, imenisaidia kuandika. Si unajua ikianza kuongea haina breki?"

Gatwiri akaanza kusoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Ati unasoma? Yangu mimi?" Ednah alishika kiuno. "Kwani mimi ni mwizi?"

Gatwiri aliona aibu. Akabonyeza kitufe cha kukubali, wakaenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Katika kura ya Jumamosi hiyo, namba ishirini na saba ilishinda. Hiyo ni namba ya Mzee Ndambiri, babake Ednah, na watu walimpongeza. Aliposhinda tena, walimtania kwamba amekuwa akifunga na kuomba. Alipozidi kushinda, hakuna aliyecheka. Kule mwisho wa mfereji, ambako maji ya zamu hufika kidogo, majani ya migomba ya Nyanya Karimi, aliyemlea Gatwiri, yalianza kujikunja.

Wakulima wakaitisha kikao. Mwenyekiti wao, Mama Jedidah, alikuwa mwanamke ambaye hata jogoo wake huwika kwa ruhusa.

"Nani hushika hiyo programu?" aliuliza.

"Gatwiri!"

"Na Gatwiri hushinda nyumbani kwa nani kila wikendi?"

"Kwa Ndambiri! Amehongwa chapati!"

Gatwiri alimgeukia Ednah, aliyekuwa ameketi karibu naye, bega kwa bega. "Waambie basi," alinong'ona. "Waambie mimi siwezi kufanya hivyo."

Ednah alitazama viatu vyake. "Mimi huleta maoni tu," alisema. "Anayekubali ni Gatwiri."

Kila neno lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu lilichoma. Angesema uongo, Gatwiri angejua pa kuanzia kujitetea.

"Ijumaa ijayo utatueleza," Mama Jedidah alimwambia. "Ukishindwa, tutarudi kwa kofia. Na shamba la nyanya yako litatolewa kwenye zamu msimu mzima. Maji si ya kuchezewa."

Migomba ya Nyanya Karimi ilikuwa imetoa mikungu michanga, na yeye na mjukuu wake walitegemea mikungu hiyo kwa chakula na karo. Jioni hiyo Gatwiri alimsubiri Ednah njiani, lakini Ednah alipitia njia nyingine. Labda ameona haya kwa niaba yangu, Gatwiri alijidanganya, wala hakufikiria kurudi kulisoma lile pendekezo.

Jumatano wakiwa kwenye chama, simu ya Mwalimu Gichovi ililia. Aliyepiga alikuwa mvulana aitwaye Kithaka, kutoka shule moja ya Mbeere. Chama chao kilikuwa kimechukua programu hiyo ili kugawa maji ya kisima cha mifugo. Mwalimu aliongeza sauti ili wote wasikie.

"Programu yenu ni nzuri, mwalimu," Kithaka alisema, "lakini kila Jumamosi inampa maji namba ishirini na saba."

"Huyo ni nani huko kwenu?"

"Ni Mzee Kivuti. Na aliuza mbuzi wote akahamia Embu mjini! Huku tunanywesha mbuzi ambao hawapo!"

Darasa zima liliangua kicheko, isipokuwa watu wawili. Gatwiri alifungua lile pendekezo refu na kulisoma lote, kama alivyopaswa kufanya mwanzoni. Katikati ya salamu za Kimeru kulikuwa na mstari mmoja mfupi: ikiwa maji ni ya Jumamosi, mshindi ni 27.

"Ni akili unde iliandika!" Ednah alidakia kabla hajaulizwa.

"Na namba ya baba yako iliijuaje?" Mwalimu Gichovi aliuliza kwa upole.

Ednah akaanza kulia. "Niliiambia iufiche huo mstari. Baba hajui. Nilitaka tupate mara moja tu, halafu nikaogopa kuutoa."

"Uliwasikia wakisema nimehongwa," Gatwiri alisema.

"Niliwasikia."

"Na ulikuwa umeketi karibu yangu."

"Ndiyo."

Gatwiri hakupiga kelele. Alihama kiti, akaenda kuketi kwenye kompyuta ya fukusi.

Ijumaa, Ednah alisimama mbele ya kikao akasema yote mwenyewe. Mzee Ndambiri alivua kofia. Kisha akasema shamba lake litakaa nje ya kura mpaka kila mmoja apate Jumamosi yake. Gatwiri naye akasimama. "Nilikubali bila kusoma. Hilo ni kosa langu."

"Lakini mwalimu," Mama Jedidah aliuliza, "kwa nini mnaacha kitu wazi kila mtu akichokore? Si mfunge!"

"Mama, ingekuwa imefungwa, yule kijana wa Mbeere hangeona kasoro hiyo," alijibu Mwalimu Gichovi. "Huko nje ulimwenguni pia yametokea. Mtu alisaidia programu huria kwa miaka mpaka akaaminiwa, kisha akaficha ndani yake mlango wa wizi, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Ilijulikana kwa sababu mtu mwingine alishangaa mbona kompyuta yake inakawia, akaingia akasoma. Uwazi unasaidia pale tu watu wanaposoma. Kuanzia leo, kila pendekezo litasomwa na watu wawili, hata likiwa langu."

Mstari ukafutwa mbele ya wote, kura ikapigwa. Alishinda mkulima aliyekuwa akilalamika kuliko wote, akaanza kuisifu programu. Na zamu ya Nyanya Karimi ilibaki palepale, Jumanne.

Ednah aliwafuata Gatwiri na nyanya yake njiani. "Gatwiri, utanisamehe?"

"Nitajaribu," Gatwiri alisema. "Lakini si leo."

Ednah aliitikia kwa kichwa, akarudi kwao. Nyanya Karimi alimshika mjukuu wake mkono.

"Usiache kuamini watu," alimwambia. "Ila mtu akikataa kazi yake ikaguliwe kwa sababu ni rafiki yako, hapo ndipo ukague mara mbili. Rafiki mwaminifu atakusogezea kiti na kukuambia, soma."