Vidole Viwili

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la Mushagalusa, Kadutu.

Adalbert, mkubwa wa genge, alichora kwa chaki juu ya meza. Mumosho. Nyumba ya mnunuzi wa dhahabu. "Mimi na Mushagalusa ndani. Guy kwenye njia. Polisi wakikuya, Guy anaita, tunapita nyuma, mugomba kwa mugomba."

"Rezo ya simu kule iko mubaya," Mushagalusa alisema. Ufundi wa simu ndio uliomlisha kabla ya ujambazi. Akaibana simu ya Guy kwenye ngumi. Vijiti vya mtandao vikashuka, kikabaki kimoja. "Unaona? Antena iko huku chini. Ukiifunika, unaiua. Kamata na vidole viwili, huku juu. Umesikia, ndugu yangu?"

Guy akacheka. "Kama padri na hostia."

Tangu Mushagalusa amzike mama yake, Guy peke yake ndiye aliyempigia kila jioni: umekula? Kwa neno hilo tu Mushagalusa aliingia genge la kina Guy, mjinga wa watu.

Saa nne na dakika kumi. Mumosho.

Kabati la chuma likafunguka. Adalbert akajaza mfuko. Mushagalusa aliitazama simu yake. Kimya. Moyo ukatulia: Guy hajaita, njia iko safi.

Saa nne na robo.

"Polisi! Mikono juu!"

Adalbert akakimbia. Risasi moja, akaanguka mlangoni. Mushagalusa akapiga magoti, na kupitia dirisha akamwona Guy ng'ambo ya njia, simu sikioni. Vidole vyote vimeibana chini, na mkono wa pili juu yake. Anayesahau hatumii mikono miwili. Kapiteni wa polisi akapita, akamgusa Guy begani, akaendelea.

Saa sita. Kasho ya polisi.

Guy alisimama nje ya vyuma, huru. "Nilikuita mara tatu, ndugu yangu. Angalia. Rezo ilikatala."

Kioo cha simu kilionyesha mara tatu, zote zimeshindwa. Hakudanganya hata moja. Sasa alikuwa ameishika simu kwa vidole viwili, juu. Vijiti vinne vimejaa.

Mushagalusa alilia tu, bila kujificha. Guy akatoka kwenda uani.

"Una nani wa kuita?" polisi akauliza. "Taja namba."

Kichwani alikuwa na namba moja tu. Akaitaja. Polisi akabonyeza.

Uani simu ikalia papo hapo. Ikalia, ikalia. Hakuna aliyepokea.