Masale ya Korongoni

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2023, na mvua za vuli, ambazo kwa kawaida huwa zimepungua kabla ya Krismasi, zilikuwa bado zinanyesha Masama. Mlima ulikuwa umefichwa na mawingu, udongo wa mashamba ya kahawa umekuwa uji, na baridi imeshuka hadi Bomang'ombe, kule tambarare. Katika banda la Basili, daktari wa mifugo mstaafu aliyekodisha farasi kwa watalii, farasi sita walisimama kimya huku spika ikitoa milio ya fataki kwa sauti ya juu kabisa. Hakuna aliyepiga teke. Hakuna aliyetikisa sikio.

Kimya hicho ndicho Basili alichokuwa akikitafuta. Mwaka uliotangulia, fataki za mkesha wa Mwaka Mpya zilimkurupusha farasi wake mmoja, akarukia senyenge, akapasuka tumbo, na Basili akalazimika kummaliza mwenyewe. Sasa jirani yake Jesse alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, na fataki alikwisha kuziagiza kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo Basili na Nurdin, mtunza farasi aliyetoka Njoro mjini Moshi, waliondoa senyenge zote, wakaziba madirisha kwa magunia, na kila jioni wakawasikilizisha farasi milio iliyorekodiwa, wakianza na sauti ndogo huku wakiwalisha karoti. Haikusaidia, farasi waliendelea kutetemeka. Ndipo Basili alipokata matawi ya masale, mmea wa mipakani na wa kuombea msamaha, akafunga moja katika mlango wa kila kizimba chenye farasi, na kuomba amani, kama babu zake walivyompelekea masale mtu waliyemkosea.

Siku iliyofuata farasi wakatulia.

“Mzee, mimi nina mke mmoja tu,” Nurdin alisema, “na hajawahi kunitulia hivi.”

Basili alicheka. Lakini farasi aliyetulia hutafuna, huinamisha shingo, hupumzisha mguu mmoja wa nyuma. Hawa walikuwa wamekaza shingo, jasho likiwachuruzika katika baridi ile, na wote sita walikitazama kizimba cha mwisho, ambacho kilikuwa kitupu. Kutoka humo ilikuja harufu ya nywele zilizoungua. Basili aliyaona yote hayo, akajua huo si utulivu, akaamua kuyaita mafanikio.

Jumamosi alasiri mkewe, Hilaria, aliwaletea kiburu cha ndizi na maharage. Alipoyaona matawi aliliweka bakuli chini taratibu.

“Baba Elisifa, haya umeyakata wapi?”

“Kule korongoni. Yamestawi mno.”

“Yale ni ya mpaka! Ng'ambo ya korongo ndiko lilikoungua banda la yule mzungu wa zamani, farasi wake wote wakiwa ndani. Wazee waliyapanda ili kilichobaki kule kisivuke. Wewe umekwenda kuukata mpaka, ukauleta nyumbani, ukakiomba kije!”

“Mama Elisifa, Jumapili unasoma masomo kanisani, leo unaniletea hadithi za korongo?”

“Yarudishe.”

“Kesho. Jesse anawasha jioni hii, na wametulia.”

Fataki ya kwanza ilipasuka mara baada ya jua kuzama. Nurdin alikuwa ndani ya kizimba cha Jemadari, dume mkubwa kuliko wote, ameshika hatamu yake. Basili alisimama mlangoni mwa banda. Mbingu iliwaka nyekundu juu ya migomba, na farasi hawakusogea. Kisha, katika kizimba kitupu, kitu kilikoroma kwa pua.

“Mzee,” Nurdin alinong'ona, “mle hamna farasi.”

“Najua.”

“Sasa anayepiga kwato ni nani?”

Kwato zilipanda ukutani, zikatembea darini juu chini, zikasimama juu ya Jemadari. Mgongo wa dume ukabonyea, kama umepandwa na mtu mzito.

“Hilo ni jini, Mzee. Nitoe!”

Komeo lilijifunga lenyewe kabla Basili hajalifikia, na yule dume, ambaye alikuwa hajawahi kumng'ata mtu, akageuza kichwa polepole kama anayevutwa kwa lijamu, akaukamata mkono wa Nurdin kwa meno, akavikata vidole, akamnyanyua na kumbamiza ukutani, akamwacha aanguke, akamnyanyua tena, huku juu ya mgongo ule mtupu singa zikishikwa na kuvutwa na mikono isiyoonekana, na harufu ya nywele zilizoungua ikijaa banda lote.

“Kata matawi!” Hilaria alipiga kelele kutoka uani.

Basili alichomoa kisu, akakata kamba ya tawi lililokuwa karibu, la farasi jike wa kizimba cha pembeni. Papo hapo jike alizinduka. Fataki nyingine ikalipuka, naye, akiwa sasa ameachiwa hofu yake mwenyewe, akaruka wima, akagonga boriti kwa utosi, na shingo ikavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Basili akaelewa. Akikata tawi la Jemadari katikati ya milio ile, dume angemponda Nurdin kwa woga. Asipolikata, jini lingemmaliza. Akampigia Jesse simu.

“Zima fataki! Kuna mtu anakufa!”

“Sikusikii, jirani! Njoo tunywe!”

Ndani, dua aliyokuwa akiisoma Nurdin ilikuwa imekatika. Alikuwa anagugumia damu. Basili alibana kisu kwenye kamba, akangoja. Milio ikakoma. Akakata. Mgongo wa dume ukanyooka, komeo likaachia, na Jemadari akasimama akitweta, farasi wa kawaida, akimnusa Nurdin aliyekuwa anatambaa kuelekea mlangoni kwa viwiko, akiunyoosha kwa Basili mkono uliobaki mzima, na Basili akaugusa, akaushika kabisa, ndipo fataki za kufungia sherehe, ambazo Jesse alikuwa amezihifadhi ili aziwashe zote kwa mara moja, zikalipuka bila kupumzika, na dume akapita juu ya mtu yule mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kabla ya kujitupa kwenye mlango, ukavunjika, na mbao ikamchoma kifuani, akafa.

Hilaria alikata yaliyobaki na kufungua vizimba. Farasi wawili walipenya. Wawili walikanyagana langoni hadi wakafa.

Katika mvua, kwa mikono, mume na mke waliyapanda matawi sita korongoni, na harufu ile ikakatika.

Waliporudi walimkuta Jesse uani, suti imelowa, ua bado kifuani.

“Jirani, nimesikia farasi wamekurupuka. Nitalipa. Hasara ni kiasi gani?”

“Farasi wanne,” Basili alisema. “Na mtu mmoja.”