Pigo la Kengele

Kata ya plastiki iligonga pipa nyuma ya nyumba, krch, ikavunja ganda jembamba la barafu. Jovelyn akafumbua macho. Nje kulikuwa bado giza.

"Amka, mwanangu," baba yake, Ruben, aliita kwa sauti ya chini. "Jalidi imeshuka. Jua likituwahi, tumekwisha."

Huku Atok, juu milimani, kila mtoto anaijua kazi hiyo. Jalidi ikilala juu ya kabichi hupendeza, nyeupe kama chumvi. Lakini jua likiipiga kabla haijaoshwa, majani huungua na kuwa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Baba na binti walipanda na kushuka matuta wakiosha kabichi moja moja, mpaka vidole vya Jovelyn vikafa ganzi. Jua lilipochomoza walikuwa wameokoa nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikufa mbele ya macho yao.

Ruben alipiga magoti kando ya tuta. Kisha alivua glavu zake akamvisha binti yake. "Haya, shule. Leo si unahutubia kule klabuni?"

Alasiri, Klabu ya Kuhutubia ilikutana. Mada ilikuwa majira ya baridi. Wanafunzi walikuwa wamebandika pamba ubaoni iwe theluji, ingawa hakuna aliyewahi kuiona, na kila mmoja alivaa skafu. Klabu hiyo ina mpiga kengele. Msemaji akisema "eeh" au "aah", kengele ya shaba hugongwa, ili ajifunze kutua badala ya kubabaika. Siku hiyo kengele ilikuwa mikononi mwa Kervin, jirani yake Jovelyn.

"Baridi kwetu si pamba," Jovelyn alianza. Darasa likatulia. "Leo asubuhi nimeona shamba likifa. Baba yangu, eeh..."

Ding!

"Baba yangu alipiga magoti..."

Ding!

"Sijasema eeh!" Jovelyn alilalamika. Alikuwa amemeza mate tu.

"Umeisema moyoni, nimeisikia!" Kervin alijibu. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kervin, gonga kwa haki," Mwalimu Dawey alikemea. Lakini kila Jovelyn alipovuta pumzi, kengele ililia. Mwishowe alikaa chini bila kumaliza hotuba yake.

Mkutano ulipokwisha, Kervin alimfuata hadi kwenye ngazi za nyuma, wawili peke yao. Alikuwa akigonga kengele kwa kila hatua yake.

"Niache, Kervin."

"Mama Kabichi! Hebu lia kidogo, tuone machozi yakiganda!" Ding! "Na baba yako naye alilia? Alilia, eeh?"

Jovelyn aligeuka, akampokonya kengele, akampiga nayo usoni kwa nguvu zake zote. Kervin alianguka. Unyusi wake ulikuwa umepasuka, na damu ilimwagika ikafunika jicho.

Mwalimu Dawey alikuja mbio. Alivua skafu yake, ile aliyoifuma kwa mikono yake, akalifunga jeraha bila kufikiri mara mbili. "Kumetokea nini?"

"Amenipiga!" Kervin alilia.

"Mwongo! Ameteleza kwenye ngazi!" Neno lilimtoka Jovelyn kabla hajalipima.

"Tutaulizana baadaye," mwalimu alisema, akambeba Kervin kwenda zahanati. Alishonwa nyuzi saba. Muuguzi alisema kengele ingeshuka upana wa kidole kimoja tu, jicho lingepotea.

Jua lilipokuwa likizama, Dionis, baba yake Kervin, alifika shambani akiwa na panga mkononi.

"Ruben! Mtoe huyo chui wako hapa! Amempasua mwanangu!"

Ruben alimtazama binti yake. "Umempiga?"

Jovelyn aliliona panga. Aliuona uso wa baba yake uliochoka. "Hapana, Baba."

Ruben aliokota jembe. "Umesikia. Binti yangu hasemi uongo."

"Kwa hiyo wangu ndiye mwongo?"

"Wewe umesema, si mimi."

Dionis aliruka mbele. Panga liligonga mpini wa jembe, vipande vya mti vikaruka. Ruben alimsukuma kwa bega. Wakashikana, wakagaragara juu ya kabichi zilizokuwa zimepona, wakizivunja. Panga lilimchana Ruben kiganja. Akapandwa na hasira, akampiga teke Dionis hadi ukingoni mwa tuta. Dionis alilala chali, panga limemtoka. Ruben akaliinua jembe juu ya kichwa cha Dionis.

"Baba, usimuue!" Jovelyn alipiga kelele. "Ni mimi! Eeh... nilimpiga! Nilimpiga kwa kengele! Nimekudanganya, Baba!"

Jembe lilibaki hewani. Kisha likashuka polepole, likaanguka kando. Ruben alimnyoshea Dionis mkono uliokuwa ukivuja damu. Dionis aliutazama kwa muda mrefu, halafu akaushika, akasimama. Kisha alifungua kitambaa kilichokuwa shingoni mwake, akamfunga Ruben kiganja.

Kesho yake familia mbili zilikaa tongtong, kikao cha kupatana, jikoni kwa Dionis. Ndiyo desturi: aliyemwaga damu huleta kuku, husema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na watu hawali mpaka maneno yaishe. Jovelyn alisimama, akasema yote. Alibabaika, akatua, akaendelea.

"Mimi nilimgongea kwa uonevu," Kervin alisema, kichwa kimefungwa bendeji. "Na nilimtukania baba yake. Samahani, mzee Ruben."

Ruben alimgeukia binti yake. "Jana niliinua jembe juu ya kichwa cha jirani kwa neno lako moja. Mtu anayekuamini amekukabidhi mkono wake. Ukimdanganya, unaumiza watu kwa mkono huo, na damu inabaki kwake. Kuonewa kunauma, najua. Siku nyingine ukionewa, mwambie mwalimu, niambie mimi. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo." Akamgeukia Dionis. "Mimi nami nilikimbilia jembe kabla ya kuuliza vizuri."

"Na mimi nilikuja na panga kuuliza swali," Dionis alisema. "Nani huuliza hivyo?"

Mama yake Kervin alipakua supu. Bakuli la kwanza, lenye paja, alimpa Jovelyn. Wakala mpaka sufuria ikabaki tupu.

Wageni walipokuwa wakivaa viatu, Kervin alimfuata Jovelyn mlangoni.

"Jumapili natolewa nyuzi," alinong'ona. "Twende pamoja, tafadhali. Lakini nikilia, usimwambie mtu."