Elieth na Ujumbe wa Bwana Wambura

Elieth anaishi Hombolo, mkoani Dodoma. Ana shamba dogo la zabibu. Mume wake, Jordan, anapakia makontena bandari kavu ya Ihumwa na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mtoto wao, Angelina, ana miezi mitatu.

Jumapili moja mchana Elieth alikuwa barazani anachambua mlenda. Angelina alikuwa amelala mgongoni. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa zabibu. Aliyeandika ni Bwana Wambura, bwana shamba wa kampuni inayonunua zabibu zao. Juzi yake alikuwa amepita kukagua mashamba.

Aliandika hivi: "Elieth has gone rogue."

Elieth aliishia darasa la saba. Jina lake aliliona. Maneno mengine hakuyajua. Akaangalia wenzake wamesemaje. Mzee Batholomeo, katibu wa kikundi, ameweka kidole gumba. Emilia naye ameweka. Watu tisa wameweka kidole gumba.

"Labda nimesifiwa," akawaza. Zabibu zake zilikuwa zimeanza kuiva kabla ya za wenzake wote. Akaandika: "Thank you sir."

Akarudi kwenye mlenda wake.

Baada ya saa nzima Bwana Wambura akaandika tena, safari hii kwa Kiswahili: "Kikao Jumanne saa nne asubuhi. Elieth afike bila kukosa. Tutajadili kama abaki kwenye orodha ya wauzaji."

Kampuni hutuma lori moja kwa kikundi kizima. Asiye kwenye orodha, zabibu zake hazipandi lori. Na zabibu zikishaiva hazisubiri mtu.

Akampigia Jordan.

"Mama Angelina, umefanya nini?" Jordan akauliza.

"Sijui! Ndiyo nakuuliza wewe unayekaa na watu wa mjini."

"Huku tunapakia makontena, hatufundishwi Kiingereza. Sikiliza. Kesho zikate zote. Peleka barabarani, uza kwa yeyote kabla hawajakufuta."

"Bado zina uchachu, Baba Angelina."

"Bora uchachu kuliko kuoza."

Jumatatu asubuhi Elieth alichukua mkasi na ndoo. Akakata kichala kimoja, akaonja. Mdomo ukamkunjamana. Nikikata nimepoteza, akawaza. Nisipokata, je? Mara akamwona Emilia njiani. Siku nyingine Emilia huingia, wakapiga soga. Leo alisalimia kwa mbali, akaongeza mwendo.

Elieth akaweka mkasi chini. Akaenda kwa jirani yake, Mama Mwantum, anayefanya kazi maktaba ya chuo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umesawijika hivyo?"

Elieth akampa simu. Mama Mwantum akavaa miwani, akasoma.

"Mama, nimeitwa mwizi?"

"Hapana. Ukitafuta maneno haya mojamoja utapotea. Yachukue yote kwa pamoja: gone rogue. Mtu yuko kwenye kikundi. Kikundi kina taratibu zake. Yeye anaziacha, anafanya lake peke yake bila ruhusa. Hata askari akiacha amri za mkubwa wake akafanya anavyotaka, huambiwa hivyo."

"Ni tusi?"

"Si tusi. Lakini si sifa pia. Ni lawama."

"Afadhali! Basi namshukuru Mungu."

"Ngoja kwanza kushukuru," Mama Mwantum akasema. "Ni kweli?"

Elieth akatazama chini. Wakulima wa kikundi chake hupogoa mizabibu siku moja. Kupogoa ni kukata matawi ili yachipue upya. Wakipogoa pamoja, zabibu zinaiva pamoja, na lori linakuja mara moja. Lakini safari hii Elieth alikuwa na mimba ya miezi minane. Jordan alipata likizo mapema. Akapogoa wiki mbili kabla ya siku ya kikundi. Hawakumwambia mtu.

"Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo.

"Na ukamjibu asante!" Mama Mwantum akacheka hadi akaziba mdomo kwa khanga. "Kumbe mwenzio anadhani umemkejeli."

"Mama, usinicheke. Nifanye nini?"

"Usikate zabibu. Ukiziuza kando leo, unarudia kosa lile lile. Nenda kikaoni. Sema mlichofanya na sababu yake. Tena sema wazi kwamba hukuelewa."

Jumanne Elieth alifika mapema. Bwana Wambura hakungoja.

"Elieth, nimesema umeacha utaratibu, unanijibu asante. Jeuri gani hiyo?"

"Haikuwa jeuri, bwana shamba. Sikuelewa. Nilidhani umenisifu."

Watu wakacheka. Mzee Batholomeo hakucheka. Alikohoa.

"Kwani yale maneno maana yake ndiyo hiyo?"

"Mzee, si uliweka kidole gumba?" Bwana Wambura akauliza.

"Niliweka kwa heshima yako. Mimi nilidhani unasema zabibu zake zina ugonjwa."

"Hata mimi!" Emilia akadakia. "Nikaogopa kupita kwake, nisije nikaupeleka shambani kwangu."

Waliulizana. Kati ya wale tisa, hakuna aliyekuwa ameelewa. Bwana Wambura akafuta jasho.

"Haya, hilo kosa langu. Nitaandika Kiswahili. Lakini la kupogoa?"

"Hilo ni langu," Elieth akasema. Akaeleza yote, mimba na likizo. "Niliogopa tukiomba mtakataa."

"Ungesema, tungekuja kukupogolea siku ya wote," Emilia akasema. "Mikono tunayo."

Bwana Wambura alikwenda shambani kwa Elieth na kipimo chake cha sukari ya zabibu. Akarudi. "Baada ya siku nane tu zitakuwa tayari. Lori letu litakuwa bado. Lakini Jumatano ya wiki ijayo linapita la kikundi jirani. Nitawaomba wachukue kreti zake, mkikubali abaki."

Mikono ikanyooshwa polepole. Wawili hawakunyoosha. Elieth akabaki kwenye orodha.

Jumatano ile kreti zake zilipakiwa, zimejaa zabibu tamu.

Msimu uliofuata, likizo ya Jordan haikuangukia tena siku ya kupogoa. Jordan akashika mkasi, akitaka kupogoa mapema tena. Elieth akamnyang'anya. Akaandika kwenye kundi: "Jamani, siku ya kupogoa Jordan hatakuwepo. Angelina anatambaa, peke yangu sitamaliza. Naomba msaada."

Siku ilipofika walikuja saba na mikasi yao. Mzee Batholomeo alichukua mstari mrefu kuliko yote, akakataa kusaidiwa. Kabla ya saa sita walikuwa wamemaliza.

"Haya, Elieth," Emilia akasema, "mbebe mtoto. Sasa kwangu."

Wakaenda wote.