Taa Nyekundu Mchana Kweupe

Walikutana wameshika gora moja la neti, kila mtu akivuta upande wake, siku ambayo soko la vitambaa lilikuwa limefurika mpaka huoni unapokanyaga.

"Kaka, niachie. Nashona shela ya bibi harusi," binti alisema bila kumtazama usoni, maana alikuwa mwenye haya.

"Na mimi nina wadudu wanangoja nyumba, dada yangu."

Binti alicheka kabla hajajizuia. Wakaligawana gora, na haukupita muda wakawa wamegawana na mioyo. Binti alikuwa fundi cherehani katika duka la shangazi yake. Kijana alikuwa analea vipepeo wa usiku kwenye maabara ya kilimo, ndiyo maana shangazi akambandika jina la Bwana Wadudu.

Jioni moja kijana akaja dukani uso unameremeta. Chuo kikubwa cha mbali kilikuwa kimemwita.

"Huenda nikasomea udaktari wa wadudu."

"Utawapiga sindano?" fundi aliuliza.

"Ni shahada, si sindano. Sikiliza kwanza, mpenzi. Wananilipia nauli, chumba na chakula, niende nikakione chuo, na wao wanione mimi, kabla hatujakubaliana."

Shangazi akainua uso kutoka kwenye pasi. "Mbona kama kwenda kumwona mchumba kabla ya posa?"

"Ndivyo hasa, shangazi."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Na nani atakupokea huko?"

"Kila mgeni anapewa mwanafunzi wa kumtembeza. Mimi nimepewa dada mmoja."

Fundi akakata uzi mwingine, ambao haukuhitaji kukatwa. Hata hivyo alimshonea shati la bluu ya mbingu, kola imesimama, mishono imerudiwa mara mbili. Kijana naye akamwachia kizimba cha neti chenye vipepeo wake, na pamba ya kulowesha maji ya sukari.

"Usiku usiwamulikie. Wakiona mwanga wanaganda, hata kula hawali."

Alipofika huko, simu zikawa hazikatiki. Dada kasema hivi, dada kanionyesha vile, dada kalisifu shati lako.

"Kasifu shati au kilichomo?"

"Usinichekeshe, niko mbele za watu."

Fundi hakuwa anachekesha. Kesho yake, jua likiwa utosini, akampigia simu ya video. Kijana akapokea. Kioo kizima kilikuwa giza lenye wekundu, kama chumba chenye kaa la moto. Uso wa kijana ulilowa jasho, na shati la bluu lilikuwa limefunguliwa vifungo kifuani. Nyuma yake sauti ya kike ikanong'ona, "Funga mlango, mwanga unaingia. Na hiyo simu izime."

Ikazimwa.

Fundi alikaa na simu mkononi mpaka shangazi akamuuliza kama kuna msiba. Akaandika ujumbe mmoja: "Umeshaonwa, umeshapendwa. Baki huko huko." Kisha akamfungia njia zote za kumpata.

Giza lilipoingia akaamua kuwatupa na wale vipepeo. Akawasha taa, akakifuata kizimba. Walikuwa wameganda kwenye neti kama vipande vya majani makavu. Kwenye kamba, kando ya taa, kulikuwa na gauni jekundu la mteja, jepesi kama pumzi. Alipolisogeza lisimguse, likaikinga taa, mwanga ukafika kizimbani ukiwa mwekundu, na vipepeo wakaanza kutembea. Mmoja akaifuata pamba na kunyonya. Akaliondoa gauni, wakaganda. Akalirudisha, wakaruka.

"Kumbe wekundu hawauoni," alisema peke yake, akakikumbuka kile chumba chekundu.

Akamfungulia njia kwenye simu, lakini kumpigia aliona aibu. Akasubiri.

Kijana alitokea dukani na begi lake begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Mle ndani ya maabara wanageuza mchana kuwa usiku," alianza, hata salamu hakutoa, "ili watu wasikeshe wakiwatazama wadudu..."

"Najua. Taa nyekundu. Vipepeo wako wameniambia. Na vifungo?"

"Joto, mpenzi. Wadudu wanataka joto."

"Na kunong'ona?"

"Mle wote wananong'ona, hata profesa mwenye mvi zake. Ukiwa gizani sauti inashuka yenyewe."

Shangazi akakohoa kuficha kicheko. Fundi alikuwa hajacheka bado. "Umewajibu nini?"

"Nimewaambia sijibu mpaka nimuulize mtu. Wamenitaka, lakini bila wewe siendi." Akashusha begi. "Niliuliza kama wana nyumba ya watu wawili. Wanayo, ila ni ya mume na mke."

Fundi alitazama mikono yake, uso ukimwaka.

"Kwa hiyo unaniposa, au unatafuta nyumba?"

"Nakuposa. Nyumba si shida, nitalala hata kwenye kizimba."

"Nakubali," alisema taratibu. "Nitakuja na cherehani yangu. Na yule dada umwambie nitamshonea koti la kuvaa mle ndani. La mikono mirefu, na vifungo mpaka kidevuni. Na wewe lako hivyo hivyo, joto utalivumilia."